Mgeni na Jembe: Historia ya Kulaza Wageni Mashambani katika Nyanda za Juu za Kusini



Mwenyekiti wetu aliponiagiza niandike sura ya historia katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi, nilidhani ataniambia niandike habari za mizani, za ghala na za bei ya mazao. Habari hizo zimeandikwa na wenzangu katika kurasa nyingine, nao wanazijua kuliko mimi. Mimi nimepewa jambo litakaloletwa mbele ya Mkutano Mkuu baada ya sherehe hizi kwisha: je, yafaa mwanachama mwenye shamba aruhusiwe kuweka vyumba viwili vitatu vya kulaza wageni wanaokuja kutazama kilimo chake na nchi yake?

Wako wasemao kwamba jambo hili ni geni, limeletwa na watu wa mijini. Wako wasemao kwamba ni mlango wa kuipoteza ardhi. Na wako wanaolitamani upesi upesi, kana kwamba kila mgeni ashukapo garini amebeba gunia la fedha. Makundi yote matatu yana sehemu ya kweli, lakini hakuna lenye kweli yote. Basi kabla hatujanyoosha mikono kupiga kura, yatupasa kujua ni nani waliolaza wageni katika nchi hii ya Iringa na Mbeya tangu zamani, ni nani waliopata faida, na kwa nini sisi wakulima wadogo tulibaki nje ya mlango.

Wageni wa zamani

Methali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitaja kwa kucheka, walakini ina sheria mbili ndani yake. Sheria ya kwanza ni kwamba mgeni ana haki ya kupokewa, kulishwa na kulala. Sheria ya pili ni kwamba nyumba ya mkulima ni mahali pa kazi, na haifai jembe lisimame kwa ajili ya mgeni. Naomba msomaji azishike sheria hizo mbili mkononi mpaka mwisho wa makala haya, maana hoja yangu yote imesimama juu yake.

Zamani za misafara, wapagazi na wachuuzi waliopita Uhehe, Ubena, Usangu na Unyakyusa hawakuwa na hoteli. Walilala vijijini, wakanunua chakula cha shambani kwa nguo, kwa shanga au kwa chumvi. Baadaye walikuja wamisionari. Wamoravian walianza kazi yao Rungwe mwaka 1891. Katika nchi ya Wahehe, ngome ya Kalenga ilivunjwa na Wajerumani mwaka 1894, naye Mtwa Mkwawa akafariki mwaka 1898. Karibu na wakati huo ikaanzishwa misheni ya Tosamaganga. Misheni hizo zilikuwa na bustani, miti ya matunda na ng'ombe wa maziwa, na msafiri aliyechoka alijua kwamba akifika huko atapata kitanda na sahani ya mboga zilizochumwa siku ileile. Kulala shambani, basi, si jambo la jana katika nchi yetu.

Walowezi na barabara kuu

Baada ya vita kuu ya kwanza nchi ilishikwa na Waingereza, na walowezi wakaanza kuzitamani nyanda hizi kwa sababu ya baridi yake na mvua zake. Mwezi wa Oktoba mwaka 1925 Lord Delamere wa Kenya aliwaita walowezi wa Afrika ya Mashariki na ya Kati katika mkutano, na mahali alipopachagua ni Tukuyu. Haikuwa bahati tu. Walowezi waliiona nchi yetu kuwa kiungo cha katikati kati ya Kenya upande mmoja na Rhodesia na Nyasaland upande mwingine.

Katika miaka hiyo dhahabu ya Lupa iliwavuta watu wengi, na mji wa Mbeya ukakua kwa ajili yake. Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyokusudiwa kwenda toka Afrika ya Kusini mpaka Kenya na mbele yake, ilipita Mbeya na Iringa. Mwaka 1932 ndege za kampuni ya Imperial Airways, zilizokuwa zikisafiri baina ya Uingereza na Cape Town, zilianza kutua Mbeya. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na wakati wa masika barabara ya udongo iliweza kumzuia msafiri njiani siku kadhaa. Aliyekwama alitafuta taa ya shamba lililo karibu.

Mashamba yenyewe yalikuwa yakitafuta zao la kuyaokoa. Chai ilikuwa imejaribiwa na Wajerumani huko Amani na huko Kyimbila katika Rungwe tangu mwaka 1904, lakini kilimo chake cha biashara kilianza baadaye, mwaka 1926, na milima ya Mufindi ikawa mojawapo ya makao yake makubwa. Wengine walilima kahawa, wengine pareto, wengine tumbaku. Mazao hayo yana tabia moja tunayoijua sote: fedha zake huja mara chache kwa mwaka, na bei yake hupangwa na watu wasioliona shamba. Kwa mlowezi, chumba cha mgeni kilikuwa chanzo cha senti za mwezi usio na mavuno.

Na mkulima Mwafrika alikuwa wapi katika habari hii? Alikuwa mlango wa nyuma. Alileta mayai, kuku na kuni, akapokea bei aliyopangiwa, akarudi. Alibeba mizigo ya mgeni lakini hakulala katika nyumba ya wageni, kwa maana hoteli za siku zile zilifuata rangi ya ngozi. Sehemu ya ardhi iliyolimwa na wenyeji wa nyumba zile ilikuwa imetwaliwa kwa jamaa zake. Siandiki haya ili kufufua uchungu. Naandika ili tujue kwamba hofu ya mzee anayesema katika mkutano, "Wageni wakija, ardhi huondoka," ina historia yake. Mzee huyo asidharauliwe.

Kwa nini sisi hatukuanza baada ya Uhuru

Kijana mmoja wa chama cha msingi aliniuliza: "Katibu, ikiwa jambo hili lina manufaa, mbona baba zetu hawakulifanya baada ya mwaka 1961?" Swali ni zuri, na jibu lake limo katika matukio manne.

La kwanza ni siasa ya miaka ile. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo iliwahusu viongozi, si kila mkulima. Lakini kijijini mtu mwenye uwezo wa kujenga chumba cha ziada mara nyingi ndiye aliyekuwa mjumbe au katibu wa tawi. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000 zilitaifishwa. Mkulima mwenye vyumba viwili hakuguswa na sheria hiyo, lakini alisikia vema kwamba kupangisha ni jambo la kutazamwa kwa jicho la shaka. Hata utalii wenyewe ulibishaniwa: mwaka 1970 gazetini Dar es Salaam, wasomi na vijana walishindana kwa hoja kama utalii unapatana na Ujamaa au unawarudisha wananchi katika utumwa wa kuhudumia. Hoja hizo zilikusanywa katika kitabu na Bwana Issa Shivji mwaka 1973.

La pili ni kwamba Serikali, ilipoamua kujenga hoteli za watalii kwa mkono wa shirika lake lililoundwa mwaka 1969, ilijenga hasa katika mbuga za kaskazini. Hifadhi yetu ya Ruaha ilitangazwa mwaka 1964, lakini wageni walikuwa wachache, na mkulima wa Iringa hakuona uhusiano wa tembo wa Ruaha na mahindi yake, isipokuwa tembo alipokuja kuyala.

La tatu ni kuhamishwa vijijini. Katikati ya miaka ya 1970 familia nyingi zilitoka katika mashamba yao zikajenga pamoja kando ya barabara. Faida na hasara za mpango ule zinajulikana. Kwa habari yetu, tokeo moja latosha: nyumba ilitengana na shamba. Mtu anayelala mbali na shamba lake hawezi kumlaza mgeni shambani.

La nne latuhusu wana ushirika wenyewe. Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Vyama hivyo vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini miaka ile sita ilivunja mazoea ya wakulima kujiamulia biashara zao. Ajabu ni kwamba wakati uleule njia za wageni zilikuwa zimekwisha funguka: barabara ya lami ya kwenda Zambia ilikamilika katika miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Njia ilikuwapo, nyumba ya kupokelea haikuwapo.

Mashamba yaliyofungua milango

Mwezi wa Julai mwaka 1989 mkataba wa dunia uliokuwa ukigawa mafungu ya kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Mkulima wa Mbozi aliyekuwa akisomesha watoto kwa kahawa aliona mwaka mmoja ukifuta kazi ya miaka mitano. Miaka hiyo ndiyo iliyofundisha mashamba mengi kutafuta mguu wa pili wa kusimamia. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 nalo lililegeza miiko ya uongozi, na tangu hapo hapakuwa na aibu tena ya kupokea kodi ya chumba.

Tuitazame mifano iliyo karibu. Kisolanza, shamba lililo kando ya barabara kuu kiasi cha kilomita 50 kutoka Iringa kuelekea Mafinga, limekuwa mikononi mwa familia moja tangu miaka ya 1930. Hulaza wasafiri katika vibanda na katika uwanja wa mahema, na kuwauzia nyama, mboga na mkate. Shamba halikufa ili hoteli iishi: mgeni hula kinachotoka shambani, na kinachotoka shambani hupata mnunuzi pasipo kupanda lori. Katika milima ya Mufindi familia ya Fox, iliyofika nchini kwa ajili ya kazi ya chai, ilijenga nyumba ya wageni katikati ya shamba. Wageni huja kupanda farasi, kuvua samaki na kutembea katika chai. Huko Utengule, chini ya safu ya milima ya Mbeya, si mbali na Mbalizi, shamba la kahawa lina nyumba ya wageni, na mgeni huonyeshwa buni toka mtini mpaka kikombeni.

Mtasema: hayo ni mashamba makubwa, yenye mtaji na wenye kujua lugha za wageni. Ni kweli. Kwa hiyo twende Kilimanjaro. Huko Uru, wakulima wadogo wa kahawa walio chini ya KNCU, chama kikuu kilichoanza mwaka 1933, walianzisha katika miaka ya 2000 mpango uitwao Kahawa Shamba. Walijenga nyumba za wageni kwa mfano wa nyumba za Kichaga. Mgeni hulala humo, huchuma kahawa pamoja na mwenyeji, huimenya, huikaanga na kuinywa, na fedha humfikia mkulima na jamii yake. Wale hawakuwa na ekari 500. Walikuwa na kihamba, migomba, ng'ombe wa ndani na chama chao. Basi ukubwa wa shamba si sharti.

Wenzetu wa Ulaya

Huenda baadhi yetu wanadhani Wazungu wanaokuja kulala mashambani kwetu wanatufundisha jambo lisilowahusu wao. Sivyo. Baada ya vita kuu ya pili, vijiji vya milimani katika Ufaransa vilikuwa vikiachwa na vijana. Mwaka 1951 nyumba ya kwanza ya mpango wa kulaza wageni mashambani ilifunguliwa katika wilaya ya milima ya kusini, na mwaka 1955 wenye nyumba hizo wakaunda shirikisho lao. Walitengeneza majengo ya zamani yaliyokuwa yakibomoka, wakayapangisha kwa watu wa mijini wakati wa likizo.

Italia ilikwenda mbele zaidi, ikaandika sheria. Sheria ya tarehe 5 Desemba 1985 ilimruhusu mkulima kulaza wageni, lakini kwa sharti kwamba kilimo kibaki kuwa kazi kuu na wageni wawe kazi ya pembeni iliyoshikamana nacho. Sheria iliyoifuata ya mwaka 2006 ikasema kwamba mkulima asiyepokea zaidi ya wageni 10 huhesabiwa moja kwa moja kuwa kilimo ndicho kazi yake kuu. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu ofisini, kwa kuwa wabunge wa Italia walikuwa wameandika kwa vifungu vingi jambo ambalo bibi yangu alilisema kwa maneno machache: mgeni apokewe, lakini jembe lisilale.

Kosa langu

Sasa yanipasa kueleza jambo lisilonipendeza kulieleza. Katika mwaka wa tatu wa chama chetu, mama mmoja mjane, mwanachama wa Rungwe mwenye ekari mbili za chai, migomba na ng'ombe mmoja wa maziwa, aliwalaza vijana wawili wageni waliokuwa wakienda Ziwa Ngozi wakanaswa na mvua. Asubuhi hawakuondoka. Walimwomba wafuatane naye kuchuma chai, wakakaa siku tatu. Fedha walizomwachia zilikaribia malipo yake ya majani mabichi ya mwezi ule. Mama akaja ofisini kwetu kuomba kwamba chama kimdhamini kwa mkopo mdogo wa kutengeneza chumba kimoja na choo kizuri, apate kuwapokea wengine kwa utaratibu.

Mimi ndimi niliyeandika barua ya kumkatalia. Niliandika kwamba ushirika huu ni wa mazao, si wa malazi, na kwamba maombi yake hayamo katika masharti ya chama. Barua ilikuwa sahihi kwa herufi. Nilijivunia hata lugha yake. Mwaka uliofuata malipo ya chai yalichelewa, na mtoto wake alikuwa ameitwa chuo. Mama akakodisha nusu ekari ya migomba yake kwa mtu wa mjini kwa miaka mitatu, kwa bei ya shida. Mimi niliyesema nailinda ardhi ya mwanachama isiende kwa wageni, nilisaidia kuipeleka.

Sisemi kwamba chumba kimoja kingalimwokoa na kila tabu. Nasema kwamba aliomba njia ya kubaki na shamba lake lote, nasi hatukukaa hata nusu saa kuifikiri.

Hofu tatu

Tusije tukatoka katika kosa hilo tukaangukia jingine. Hofu tatu hazina budi kujibiwa.

Hofu ya kwanza ni ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inalinda haki miliki ya kimila ya mwanakijiji, na mtu asiye raia hawezi kuimiliki ardhi yetu ila kwa njia ya uwekezaji iliyowekwa na sheria. Lakini karatasi haimlindi mtu aliyesaini asichokisoma. Hatari si mgeni anayelala siku mbili. Hatari ni mshirika anayekuja na mapatano ya miaka thelathini, akiahidi kujenga vyumba juu ya shamba la mtu. Kwa hiyo mwanachama alaze wageni katika nyumba yake, juu ya haki yake, na mapatano yoyote ya kukodisha ardhi kwa ajili ya vyumba yapitie kwanza kwa chama na kwa Halmashauri ya Kijiji.

Upande wa ardhi kuna somo jingine la karibu. Mwaka 2008 Hifadhi ya Ruaha iliongezwa kwa kuunganishwa na Usangu. Mwaka 2017 uliidhinishwa mradi wa REGROW, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, ili kukuza utalii wa kusini. Wanavijiji wa kando ya hifadhi walipeleka malalamiko kuhusu kuondolewa na kutendewa vibaya. Mwezi wa Aprili 2024 benki ilisimamisha malipo, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Funzo ninaloliona ni moja: utalii unaopangwa huku mkulima na mfugaji wakitazamwa kama kizuizi haudumu. Utalii ambao mkulima ndiye mwenyeji wake una mtu wa kuulinda.

Hofu ya pili ni ya kilimo kuachwa. Nani atapalilia, ikiwa kufua mashuka kuna fedha zaidi? Jibu ni mwaka 2020. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, ulipofika ugonjwa wa korona, walishuka hadi laki sita na elfu ishirini hivi. Hoteli zilifungwa, wafanyakazi wakarudishwa makwao. Mwenye shamba alikula viazi vyake akangoja. Watalii wamerudi, hata wakapita milioni mbili mwaka 2024, lakini nani aapa kwamba hawatapungua tena? Vyumba visivyo na shamba ni nyumba iliyojengwa juu ya mguu mmoja. Shamba lisilo na kitu kingine nalo ni hivyohivyo, kama tulivyoonyeshwa mwaka 1989.

Hofu ya tatu ni ya sheria na afya. Biashara ya kulaza wageni yataka leseni, na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wake. Halmashauri nazo zina taratibu za leseni, ushuru na usafi. Mwanachama mmoja mmoja akienda peke yake huchoka njiani, akaamua kulaza watu kwa siri. Hapo ndipo balaa hutokea, kwa mgeni na kwa mwenyeji. Kazi hii ya barua, daftari la wageni na ukaguzi wa vyoo na maji ndiyo kazi ambayo ushirika uliumbiwa.

Yatakayoletwa Mkutanoni

Masharti ambayo Bodi italeta mbele yenu yametokana na historia hiyo, wala hayakuokotwa hewani. Nayaeleza kwa ufupi.

Kwanza, mwenyeji awe mwanachama anayelima na kuleta mazao yake chamani. Akiacha kulima, ridhaa ya kulaza wageni kwa jina la chama iondoke. Pili, wageni wasizidi 10 kwa usiku mmoja, na vyumba visijengwe juu ya shamba la mazao ya kudumu. Tatu, chakula cha mgeni kitoke kwanza kwa mwenyeji, kisha kwa jirani mwanachama, kisha sokoni. Mwenye viazi, mwenye maziwa, mwenye parachichi na mwenye nyuki wote waonje. Nne, chama kishike daftari moja la wageni, kipange zamu, kitafute leseni na kifundishe vijana wetu kuongoza njia, maana asiye na chumba anaweza kuwa na miguu na maarifa. Tano, sehemu ndogo ya kila malipo iingie katika mfuko wa chama wa kuwasaidia wanachama malipo ya mazao yanapochelewa. Sharti hili la tano, sitaficha, nililiandika nikimkumbuka yule mama.

Wala tusidhani hatuna cha kuonyesha. Anayetoka Iringa ana Isimila na zana zake za mawe za watu wa kale, na Kalenga na kumbukumbu ya Mkwawa. Anayeshika njia ya Mbeya ana Kitulo na maua yake, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kimondo cha Mbozi, na Daraja la Mungu, na mlima Rungwe. Wageni wengi hupita mahali hapo mchana, wakalala mjini, wakaondoka bila kumjua mtu hata mmoja anayelima chini ya mlima walioupiga picha. Twaweza kuwapa jambo ambalo hoteli kubwa haliwezi: kuamka na jogoo, kuchuma jani la chai kwa vidole vyao, na kujua kwa nini kikombe chao kina jasho la mtu.

Mwaka jana nilipanda Rungwe kumwomba radhi yule mama. Nilimkuta akichuma, kikapu mgongoni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchuma, kisha akasema, "Mwanangu, kile chumba sasa nimeweka mahindi. Siku mtakayoamua, mahindi yatatafutiwa pahali pengine." Akanitazama nguo zangu za ofisini, akaongeza, "Na wewe ni mgeni. Kikapu kingine kiko pale."

Nilikichukua. Kura yangu mnaijua; sasa Mkutano Mkuu utasikia yenu.